Taifodi Haitoki Vile Unadhani: Hivi Ndivyo Inajificha Ndani ya Askari wa Mwili Wako

Kama umekulia Eastlands, hii story unaijua. Msee ana homa siku tatu, kichwa inagonga, tumbo haieleweki. Anaingia kliniki ya kona, anatolewa damu, na kabla hata aboeke na kungoja anaambiwa: "Uko na taifodi." Analipa, anapewa vidonge kwa kabahasha ka khaki, na wikendi amerudi base akibonga venye alikuwa karibu kudedi. Siku ya nne anasikia poa. Vidonge zilizobaki anatupa juu ya kabati, huwezi jua zitahitajika lini.

Hiyo karatasi ya majibu tutairudia, juu iko na mambo yake. Kwanza jiulize kitu hakuna mtu huuliza pale base: hiyo bakteria ilikuwa wapi kabla homa ianze? Na saa hii homa imeisha, imeenda wapi?

Cheki, taifodi si mgonjwa wa kelele kama kipindupindu. Kipindupindu kikiingia ploti, kufikia jioni kila mtu anajua, choo imejaa foleni. Taifodi inaingia kama mpangaji mpya mwenye heshima. Anasalimia watu kwa ngazi, analipa rent mapema, hana makelele. Kwa kawaida inachukua wiki moja hadi mbili kabla uanze kuumwa, na wengine hukaa hadi karibu mwezi. Siku hizo zote inazaana ndani yako na askari wa mwili wako hawana habari. Wanasayansi wamesoma hiyo ujanja miaka mingi, na ukiielewa utaanza kuona maji, kachumbari na zile vidonge za juu ya kabati kwa macho ingine.

Jina lake la kitambulisho ni Salmonella Typhi. Ina mabinamu wengi sana kwa ukoo wa Salmonella, na wengi wao wanaishi popote: kwa kuku, ng'ombe, nguruwe, hata mijusi. Hii moja ilikataa hiyo maisha. Inaishi kwa binadamu tu. Mwaka 2001 watafiti walichapisha jeni zake zote kwa mara ya kwanza, na wakapata zaidi ya 200 zimekufa. Ziko pale, zinaonekana, lakini hazifanyi kazi. Ni kama msee ameuza shamba, ng'ombe na hata mabati ya nyumba ya ushago juu ameamua Nairobi ndio kwake milele. Haiwezi kurudi kwa mnyama. Iko hapa na sisi.

Maana yake ni nzito kuliko inavyosikika. Ukipata taifodi, haikutoka kwa mvua, haikutoka kwa kuku, na haikutoka kwa "hali ya hewa". Ilitoka kwa tumbo la mtu mwingine, ikapitia choo, ikafika kwa mdomo wako. Kuna mtu. Pengine hutawahi kumjua, na kama tutakavyoona, pengine hata yeye hajui.

Njia inazopitia tunazijua wote. Zile bomba za plastiki zinapita katikati ya mtaro na zimefungwa na kipande cha mpira pale zilipopasuka. Mtungi wa maji ulionunua siku mfereji umekauka. Kachumbari iliyooshwa na hayo maji. Na usidhani lazima umeze nyingi. Kule Oxford, Uingereza, kuna watu wazima wenye afya waliojitolea kunywa bakteria za taifodi zikiwa zimechanganywa na dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, halafu wakafuatiliwa na daktari kila siku na kutibiwa. Dozi ya kama bakteria 10,000 ilitosha kuwagonjesha zaidi ya nusu yao. Elfu kumi inasikika nyingi, lakini kwa gilasi ya maji huwezi kuziona, kuzionja wala kuzinusa. Maji itakaa safi kabisa.

Inabadilisha nguo ikishaingia

Ikifika kwa utumbo mwembamba bakteria inaogelea kwa mikia, nyuzi ndefu zinazozunguka kama propela ya boti. Inatafuta njia ya kutoboa ukuta. Na njia inayopenda ni ya dharau kweli: kwa ukuta wa utumbo mwili wako umejenga milango maalum ya ukaguzi, seli zinazochukua sampuli ya kila kinachopita ili askari waikague. Yenyewe inapita hapo hapo kwa ukaguzi.

Sasa hapa ndio mchezo unaanza. Ile mikia imetengenezwa kwa protini ambayo kinga ya mwili inaijua vizuri sana. Askari akiiona tu, anapiga king'ora. Lakini hali ya ndani ya utumbo na hali ya nyuma ya ukuta hazifanani, chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka ni vichache ukishavuka. Bakteria inahisi hayo mabadiliko, na hiyo ndiyo ishara yake. Inazima utengenezaji wa mikia, na inawasha utengenezaji wa koti.

Koti lenyewe ni la sukari, nyuzi nyuzi za sukari zinazofunika mwili wake wote. Wanasayansi wanaliita Vi na wamelijua tangu 1934. Chini ya hilo koti kuna ngozi ya bakteria yenye alama ambazo askari wako wamezaliwa wakizijua, hawahitaji kufundishwa. Koti likishavaliwa, alama hazionekani vizuri. Ni mwizi aliyeingia na hodi nyekundu, akageuka kwa kona, akatoka na koti la mlinzi wa jengo.

Linganisha na binamu yake, ile Salmonella ya mayai na nyama mbaya. Hiyo haina koti la Vi. Ikivuka ukuta wa utumbo, askari wanaiona papo hapo, wanakuja mbio kwa maelfu, vita inaanza, na wewe unaendesha kuanzia kesho yake. Unateseka siku chache halafu kwa watu wengi inaisha. Kuendesha kwa sehemu kubwa ni kelele ya kinga yako ikipigana. Ndio maana msee wa taifodi mara nyingi haendeshi mwanzoni, na wengine hata wanafunga choo. Hakuna kelele juu vita haijaanza.

(Hiyo ya mayai nayo usiichukulie poa sana. Kuna aina yake imezoea Afrika na inaingia moja kwa moja kwa damu ya watoto wadogo wenye malaria au utapiamlo, na watu wenye virusi vya ukimwi. Watafiti walipoichunguza mwaka 2009, kwa sampuli za Malawi na Kenya, walikuta nayo imeanza kuua jeni zake, ikifuata njia ile ile ya taifodi. Hiyo ni story ya siku ingine.)

Ndani ya mariamu

Mwili wako una askari wakubwa ambao kazi yao ni kumeza. Wanazunguka, wanapata kitu ngeni, wanaimeza, wanaifunga kwa kifuko ndani yao, halafu wanamwagia hicho kifuko asidi na sumu hadi ngeni iyeyuke. Bakteria nyingi zikimezwa na hao, hiyo ndio mwisho wao.

Taifodi inataka kumezwa.

Ikishafungwa ndani ya kifuko, inahisi asidi ikipanda na madini kama magnesi ikipungua. Bakteria ingine ingeanza kupanic. Hii inasoma hiyo hali kama anwani: "Sawa, nimefika ndani ya askari." Hapo inawasha jeni za safu ya pili. Inarekebisha ngozi yake ya nje isidhurike na sumu, na isiamshe kinga sana. Halafu inatoa sindano. Hiyo si mfano, ni kifaa kweli, kidogo mno, kinachotoboa kile kifuko na kuingiza protini zake ndani ya mwili wa askari. Protini hizo zinavuruga amri za askari. Mabomba ya sumu yanaelekezwa kwingine. Kifuko kilichokuwa seli ya jela kinageuka bedsitter, na mfungwa anaanza kuzaana humo ndani.

Na askari haketi mahali moja. Anatembea. Anapita kwa tezi, kwa damu, anafika kwa ini, kwa wengu, kwa uboho ndani ya mifupa. Hebu fikiria jambazi ameshikwa Kayole, akarushwa ndani ya mariamu, halafu hiyo mariamu ikampeleka bure hadi kila stesheni ya Nairobi, na kila stesheni akashuka na kuacha watoto wake.

Zikishakuwa nyingi vya kutosha zinarudi kwa damu kwa wingi, na sasa ndio king'ora kinalia. Homa inapanda kidogo kidogo kila siku, kama mtu anapanda ngazi za ghorofa za Pipeline. Wewe unasema "imenianza jana." Ukweli ni kwamba uko nayo wiki mbili. Mtu asipotibiwa, kufikia wiki ya tatu utumbo unaweza kutoboka, na hapo ni upasuaji wa haraka ama ni kifo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 taifodi ilipata watu karibu milioni 9 duniani na kuua kama 110,000.

Na tuelewane kitu moja. Mpaka hapa bakteria haijabadilika kuwa kitu kipya. Imebadilisha nguo tu, kwa jeni ilizokuwa nazo tayari. Kuna kubadilika kwa pili, kwa polepole, na huko ndiko kunatuumiza zaidi mtaani. Kila bakteria ikigawanyika inanakili jeni zake zote, na mara moja moja inakosea herufi. Makosa mengi hayana maana ama yanaiua. Lakini kosa moja likiisaidia kuvumilia askari wako, ama dawa yako, hiyo moja inabaki wakati ndugu zake wanakufa, na kizazi chote kinachofuata ni chake. Inahitaji tu muda na mahali pa kukaa bila kusumbuliwa.

Mahali hapo pako, ni kibofu cha nyongo.

Nyongo ni ile maji chungu chini ya ini inayosaidia kusaga mafuta. Inaua bakteria nyingi. Salmonella inaiweza. Ikikuta vijiwe vya nyongo, ambavyo watu wengi wanavyo bila kujua, inavipaka utando, inajibandika hapo pamoja na wenzake, na chini ya huo utando askari na dawa hupenya kwa shida. Kati ya kila watu 100 waliougua taifodi, mmoja hadi watano hubaki wabebaji. Hawana homa, wanakula, wanaenda job, wanacheza ball Jumapili. Na wanatoa bakteria kwa choo, wengine kwa zaidi ya mwaka, wengine maisha yote.

Mbebaji maarufu kuliko wote ni Mary Mallon, mpishi wa New York. Mwaka 1907 iligunduliwa kwamba familia alizopikia zilikuwa zinaangushwa na taifodi moja baada ya nyingine, na yeye mwenyewe yuko fiti kabisa. Alifungiwa kisiwani, akaachiliwa 1910 kwa ahadi hatapika tena, akapatikana 1915 akipika kwa hospitali ya akina mama, akarudishwa kisiwani hadi kifo chake 1938. Watu humcheka hadi leo. Lakini jiweke kwa viatu vyake: hausikii chochote, kazi unayojua ni moja, na mtu anakuambia wewe ndio ugonjwa. Ungeamini?

Huko Kathmandu, Nepal, watafiti walichukua bakteria kutoka kwa vibofu vya nyongo vya watu waliofanyiwa upasuaji, wakalinganisha na zile za wagonjwa wa kawaida. Zile za nyongo zilikuwa zimekusanya mabadiliko mengi zaidi ya jeni, yakiwemo ya sehemu za nje za bakteria, zile ambazo kinga ya mwili inazigusa. Ripoti hiyo ilitoka 2020. Yaani humo ndani haikuwa imelala, ilikuwa inasoma.

Turudi Mukuru

Sasa leta hiyo story nyumbani. Watafiti wa Kenya, KEMRI wakiwemo, walifanya kazi ya miaka mitatu Mukuru, upande wa Embakasi, kwa watoto chini ya miaka 16. Matokeo yalichapishwa 2021. Walipima watoto 4,670 wenye homa na wengine 8,549 wasio na homa.

Kwa wale wenye homa, walipata bakteria ya taifodi kwa 148. Kwa wale wazima, waliokuwa wanacheza tu, walipata kwa 95. Hiyo ni kama mmoja kwa kila watoto 90 wanaoonekana hawana shida yoyote. Na waliposoma jeni, bakteria za wagonjwa na za wazima zilikuwa zimechanganyika kwa mti mmoja wa ukoo. Hakuna "taifodi ya wagonjwa" na "taifodi ya wabebaji". Ni ile ile, inazunguka kutoka kwa mtoi mzima hadi kwa mgonjwa na kurudi, kupitia choo na maji.

Mbaya zaidi, karibu zote zilikuwa za ukoo mmoja unaoitwa H58. Huu ulianzia kusini mwa Asia, ukaingia Afrika Mashariki, na ukashika mtaa juu umebeba jeni za kuvumilia dawa. Mukuru, 76% ya bakteria za wagonjwa na 88% ya zile za wazima zilikuwa za H58 sugu, zile ambazo dawa za zamani kama Septrin, ampisilini na kloramfenikoli haziwezi kitu. Ndio unaona siku hizi daktari anakuandikia sindano za bei ama vidonge vya kisasa. Hajakuchokea. Zile za zamani zimechoka.

Hapo ndipo vidonge vya juu ya kabati vinaingia. Dawa nyingi huua bakteria inayozaana. Salmonella ina tabia ya kuacha wengine wao wamelala ndani ya wale askari walioimeza, hawazaani, hawali, wanangoja. Siku ya nne unasikia poa juu zilizo macho zimekufa. Zilizolala ziko. Kwa wagonjwa wengine homa hurudi wiki moja hadi tatu baadaye, na wanasema wamerogwa ama wameshikwa na taifodi mpya. Mara nyingi ni ile ya kwanza imeamka.

Sasa ile karatasi. Angalia tena hizo namba: watoto 4,670 wenye homa, 148 tu waliothibitishwa. Kuotesha damu kwa maabara hukosa wagonjwa wengi, karibu nusu, kwa hivyo ongeza wengine hao hao. Bado wengi sana walikuwa na kitu ingine. Lakini kipimo kinachotumika kliniki nyingi za mtaa ni Widal, na Widal haitafuti bakteria. Inatafuta kumbukumbu ya askari wako. Kama uliwahi kuugua miaka iliyopita, ama ulikutana na binamu yake kwa yai, inaweza kusema ndio. Kwa mtaa ambapo kila mtu amewahi kukutana na hii familia, "ndio" haina uzito sana. Kwa hivyo wengi tunameza antibiotiki kwa ugonjwa hatuna, na kila dozi ya bure inazipa bakteria zilizojificha ndani yetu mazoezi. Ukiwa na homa zaidi ya siku tatu na uko na uwezo, uliza kama wanaweza kuotesha damu, na uulize kabla umeze dawa yoyote, juu ukishameza bakteria hazioti vizuri.

Na kuna kitu kizuri kidogo. Lile koti la Vi, ambalo ndilo linaificha, ndilo limetumika kutengeneza chanjo. Sukari ya koti ikiwa peke yake, kinga ya watoto wadogo haiikumbuki, kwa hivyo wanaifunga kwa protini ambayo mwili unaikumbuka. Askari wakishafundishwa hivyo, koti lenyewe linakuwa king'ora. Majaribio ya Nepal na Malawi yalionyesha inazuia kama wagonjwa 8 kati ya 10. Kenya iliianzisha Julai 2025, kwa kampeni moja na chanjo ya surua na rubella, dozi moja kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14.

Haitoi bakteria iliyo tayari kwa nyongo. Kwa mbebaji, hiyo ni kazi ya daktari, antibiotiki ya wiki kadhaa na wakati mwingine kuondoa kibofu chenyewe. Kama mlikuwa na msee aliugua hapo kwenu na sasa ndio mpishi wa familia ama wa kibandaski, kipimo cha choo kinaweza kumwonyesha, na kinafaa kurudiwa mara kadhaa juu bakteria haitoki kila siku. Mwambie polepole. Kumbuka yeye hasikii kitu. Na kama una mtoi ama ndugu mdogo wa umri huo, fungua kile kitabu chake cha kliniki leo, ucheki kama hiyo chanjo ya 2025 imeandikwa.